Daraja Hujengwa Nchi Kavu Kwanza

Utangulizi

Mwaka huu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili aliniambia niandike makala ya kufundisha, si hadithi ya mapenzi wala ya majini, kwa maana hizo ziko tele tayari. Nikajiuliza, mimi mwanafunzi wa kidato cha tatu nitamfundisha nani, na nitamfundisha nini? Mwishowe nikachagua jambo ambalo lilinitia aibu mbele ya wenzangu, kisha likanifunza. Jambo lenyewe ni kuvuka maji.

Nitaeleza jinsi wahandisi wa jeshi walivyofunzwa kuvuka bahari na mito wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, yaani kati ya 1939 na 1945. Baadaye nitaeleza jinsi sisi tulivyochukua ujuzi huo kidogo tukautumia katika korongo letu hapa Longonot. Hebu tufuatane pole pole, kwa sababu mwenda pole hajikwai.

Kwa nini kuvuka ni jambo kubwa hapa kwetu

Shule yetu ni ya kutwa. Kila mmoja wetu hutoka kwao asubuhi na kurudi jioni, kwa hivyo njia ni sehemu ya masomo yetu. Udongo wa hapa ni jivu la volkeno lililotoka katika Mlima Longonot na milima mingine ya Bonde la Ufa. Udongo huo ni mwepesi, na maji yakipita mara moja hukata mfereji. Yakipita mara kumi, mfereji huwa korongo. Miezi mingi makorongo haya huwa makavu na mbuzi hulala ndani. Lakini mvua ikinyesha kule juu kwenye mteremko wa Kijabe, maji hushuka ghafla, hata kama hapa kwetu jua linawaka. Mgeni hawezi kuelewa jambo hili. Atasema, "Mbona mnaogopa korongo kavu?" Maji usiyoyafika hujui kina chake.

Sote tunakumbuka Aprili 29, 2024. Usiku huo maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli juu ya Mai Mahiu, kwa sababu njia ya kuyapitishia chini ya tuta ilikuwa imezibwa na takataka na matope. Tuta likashindwa. Maji yakashuka na mawe na miti, yakakumba kijiji cha Kamuchiri watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walifariki. Mwenzetu mmoja darasani alimpoteza shangazi yake, na mpaka leo mvua ikianza kugonga mabati huacha kuandika akasikiliza.

Kwa ajili ya mafuriko ya mwaka huo shule zote nchini zilichelewa kufunguliwa hadi Mei 13. Tuliporudi, tulikuta korongo lililo kati ya kijiji chetu na shule limepanuka. Gogo tulilokuwa tukilivukia lilikuwa limekwenda na maji. Kuzunguka hadi kwenye barabara ya lami kulitutia karibu saa nzima. Basi wengi wetu tukawa tunateremka korongoni na kupanda upande wa pili kwa mikono na magoti. Siku moja ya mvua msichana wa kidato cha kwanza aliteleza, maji yakamfika kiunoni. Tulimvuta kwa mkanda wa mkoba wake. Vitabu vyake viliharibika vyote, na mimi niliyemshika mkanda nilitetemeka mpaka jioni.

Jambo hilo ndilo lililonifanya nimuulize babu kuhusu madaraja.

Barabara ya Waitaliano

Ukiwa shuleni kwetu ukitazama mashariki, utaona ukuta wa Bonde la Ufa na barabara ya zamani ikishuka hadi Mai Mahiu. Chini yake kuna kanisa dogo kando ya barabara. Barabara ile na kanisa lile ni kazi ya wafungwa wa vita Waitaliano, na kanisa lilijengwa mwaka wa 1942. Sisi hupita hapo kwa matatu bila hata kugeuza shingo.

Lakini umewahi kujiuliza, Waitaliano hawa walifikaje hapa? Jibu linaanzia mtoni. Mwaka wa 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. Wakati huo Italia ilikuwa inatawala Somalia na Ethiopia, majirani zetu. Mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Uingereza yalitoka Kenya kwenda kuwashambulia. Ndani yake walikuwamo askari wa Afrika Mashariki, wa Afrika Magharibi na wa Afrika Kusini. Waliuteka mji wa Kismayu Februari 14. Mbele yao ulikuwa mto Juba, mpana na wenye mamba, na Waitaliano walikuwa wamekwisha kuliharibu daraja la Gobwen. Walidhani mto utawalinda.

Haukuwalinda. Katikati ya mwezi huo huo askari wa Afrika Kusini walivuka usiku kwa mashua ndogo mahali paitwapo Yonte. Wakashika ng'ambo, na wahandisi wakatandaza daraja la kuelea nyuma yao. Mogadishu ilitekwa Februari 25, na Addis Ababa Aprili 6. Maelfu ya Waitaliano wakatekwa na kuletwa Kenya. Kwa hivyo, mpenzi msomaji, ile barabara tunayoiona dirishani ilitokana na mto uliovukwa mbali sana na hapa.

Wahandisi walifunzwa nini

Watu wengi hudhani mhandisi wa jeshi ni fundi anayekuja baada ya vita kutengeneza vilivyovunjika. Sivyo. Katika kuvuka maji, yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza. Babu aliniambia nishike mambo matatu, nami nimeyaongezea niliyosoma maktabani.

Kwanza ni kuvusha watu kwa mashua. Wachache huvuka kimya kimya, mara nyingi usiku, na kushika kipande kidogo cha ng'ambo. Kipande hicho kisiposhikwa, hakuna daraja litakalojengwa, kwa sababu mjenzi hawezi kukaza pini huku anapigwa risasi.

Pili ni kuvusha mizigo mizito kwa vyombo vya kuelea. Mashua mbili au zaidi huunganishwa na kuwekwa sakafu juu, gari likavutwa juu yake. Chombo kama hicho Watanzania hukiita pantoni, neno lililotokana na Kiingereza, na ukifika Dar es Salaam utasikia watu wanapanda pantoni kwenda Kigamboni. Sisi Wakenya pale Likoni tunasema feri. Kiswahili ni kimoja lakini vivuko ni viwili!

Tatu ndilo daraja lenyewe, ambalo jeshi zima hupita.

Uingereza ilijifunza mambo haya kwa uchungu. Baada ya kufukuzwa Ufaransa mwaka wa 1940, Waingereza walijua kwamba siku moja watalazimika kurudi kwa kupitia baharini. Wakafungua kituo cha mafunzo Inveraray, katika Scotland, ambako maelfu ya askari walijifunza kupanda na kushuka mashua za kushambulia ufuo. Na tena walifanya zoezi kubwa Scotland lililoitwa Dryshod, maana yake miguu mikavu. Walijifanya wanavuka bahari ilhali wako barabarani! Sehemu fulani ya nchi kavu ilihesabiwa kuwa bahari, nyingine ikahesabiwa kuwa ufuo, na kila kikosi kikajifunza kufika kwa zamu yake. Niliposoma hayo nilicheka. Baadaye sikucheka.

Agosti 19, 1942 majeshi, wengi wao Wakanada, yalishambulia mji wa Dieppe huko Ufaransa. Wahandisi walitakiwa kulipua vizuizi vya saruji ili vifaru vipite. Wengi walipigwa kabla ya kuvifikia, na vifaru vingi vikakwama kwenye changarawe za ufuoni. Kwa sababu hiyo wahandisi walitengenezewa vifaru vya pekee. Vingine vilibeba daraja, vingine vilibeba matita makubwa ya fito ya kutupa ndani ya mitaro ili gari lipite juu. Vilitumika Juni 6, 1944 katika ufuo wa Normandy. Hebu fikiria, tita la fito! Kitu ambacho mama zetu hubeba mgongoni kutoka msituni kilikuwa silaha.

Na huku kwetu Afrika, mwaka huo huo wa 1942, kulikuwa na uvamizi wa kutoka baharini pia. Majeshi ya Uingereza yalishuka Diego Suarez, kisiwani Madagaska, Mei 5. Kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wafaransa waliotii serikali ya Vichy. Septemba 10 yakashuka Majunga, na kikosi cha Afrika Mashariki, Brigedi ya 22, kikaelekea mji mkuu Antananarivo. Njiani walikuta madaraja yamevunjwa na miti imekatwa ikalazwa barabarani. Mji huo ulitekwa Septemba 23.

Daraja la vipande

Sasa tuje kwenye kitu nilichokipenda zaidi, daraja la Bailey. Lilibuniwa na Mwingereza Donald Bailey, mfanyakazi wa kituo cha majaribio ya madaraja huko Christchurch, Uingereza. Halikuwa daraja la mto mmoja. Lilikuwa vipande vinavyofanana, na kila kipande kiliweza kukaa mahali pa kingine.

Kipande kikuu ni fremu ya chuma yenye urefu wa karibu mita 3, kimo cha karibu mita 1.5 na uzito wa karibu kilo 260. Ukigawanya kwa watu 6, kila mtu anabeba kama kilo 43, yaani chini ya gunia la viazi. Haikuhitaji winchi wala mtambo. Fremu zinaunganishwa kwa pini za chuma. Kati ya ukuta wa kulia na wa kushoto hulazwa mihimili, na juu ya mihimili hutandazwa mbao. Mzigo ukiwa mzito zaidi, unaongeza fremu kando au juu.

Lakini utalifikishaje ng'ambo na huna mtu wa kulipokea? Hapo ndipo akili ilipo. Daraja huunganishwa lote nchi kavu, upande wako, juu ya magurudumu madogo. Mbele huwekwa sehemu nyepesi iitwayo pua. Kisha watu husukuma. Pua hutoka hewani juu ya maji, haijashikwa na chochote, na daraja halianguki kwa sababu nyuma ni kuzito kuliko mbele. Pua ikigusa ng'ambo, kazi imekwisha kuwa rahisi. Uzito wa nyuma ukipungua kabla ya hapo, daraja lote linaingia mtoni.

Msomaji, sentensi hiyo ya mwisho iweke moyoni. Nitairudia.

Baba wa babu na Bonde la Kabaw

Baba wa babu yangu alikuwa askari wa wahandisi wa Afrika Mashariki. Alifariki kabla mimi sijazaliwa, lakini babu amehifadhi kitabu chake cha kutolewa jeshini ndani ya mkebe wa majani ya chai. Alipelekwa Burma, ambayo siku hizi ni Myanmar, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Humo walikuwamo watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia.

Kuanzia Agosti 1944 divisheni hiyo ilishuka katika Bonde la Kabaw ikiwafukuza Wajapani, na msimu ulikuwa wa mvua kubwa. Matope yalimeza malori. Wahandisi walilaza magogo barabarani, gogo kando ya gogo, ili magari yapite. Huko kulikuwa na ndovu waliofugwa wakivuta magogo ya madaraja. Babu anasema baba yake alikuwa akisimulia habari za hao ndovu watu wakimwona mwongo, kwa sababu ndovu tunaowajua sisi huvunja ua na kula mahindi.

Mwanzoni mwa Desemba 1944 divisheni iliuteka mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin, na askari wetu wakavuka na kushika ng'ambo. Hapo wahandisi wa Jeshi la 14 wakaweka daraja la Bailey la kuelea, lenye urefu wa futi 1,154, yaani karibu mita 350. Ni zaidi ya viwanja vitatu vya kandanda vikipangwa mbele na nyuma! Wakati huo hakukuwa na daraja la Bailey refu kuliko hilo. Tena hawakulianzia pale pale. Vipande viliunganishwa katika mto mdogo wa Myittha, mahali penye utulivu, halafu vikateremshwa kwa maji hadi Chindwin. Desemba 10 lilikuwa tayari.

Na lugha je? Sisi wa chama cha Kiswahili tusisahau jambo hili. Katika Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, Kiswahili kilikuwa lugha kubwa ya amri, na maofisa wa Kizungu walilazimika kujifunza. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha mkato, kikaitwa Kikeya. Babu akimwigiza baba yake husema, "Beba mti hii kubwa! Moja, mbili, inua!" Mwalimu wetu angeweka kalamu nyekundu mara tatu. Lakini watu 6 wanaobeba kilo 260 hawahitaji ngeli, wanahitaji kuinua pamoja. Kwa hivyo nasema, tuwaheshimu wazee waliojenga kwa lugha yetu hata kama hawakuipamba.

Jambo moja huniuma. Wazee hawa walirudi na ujuzi, lakini walikuwa wakilipwa kidogo kuliko askari wa Kizungu. Walowezi waliotoka vita ile ile walisaidiwa kupata mashamba huku kwetu, na baba wa babu akarudi kuwa kibarua wa shamba. Si ajabu wengine walianza kudai haki. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa amepigana Burma pia.

Zoezi letu uwanjani

Basi mwezi wa Februari 2025, kabla ya mvua za masika, tuliamua kuweka daraja la miguu juu ya korongo letu. Mzee wa kijiji alikubali, wazazi wakakubali, na jirani mmoja akatupa miti miwili ya mkaratusi, ile tunayoiita blugamu. Babu akawa msimamizi. Mwalimu wa fizikia alitusaidia katika hesabu.

Korongo lina upana wa mita 4. Kila mti ulikuwa wa mita 7, ili kila upande upate mita 1.5 za kulalia, kwa maana ukingo wetu ni mlegevu. Uzito wa mti tuliukadiria kuwa kilo 80. Wengi wetu tulitaka kwenda korongoni siku hiyo hiyo. Babu akakataa. Akasema, "Baba yangu hakuonyeshwa mto mpaka alipojua kazi. Twendeni uwanjani."

Uwanjani tulipanga mawe safu mbili, kimo cha goti, mita 4 kati yake. Huo ukawa mto. Juu ya mawe ya kwanza tukaweka kigogo cha mviringo cha kuviringishia. Mimi nikapewa kazi ya nyuma. Nilitakiwa kulalia mwisho wa mti na kutembea nao, nisiuachilie mpaka mbele iguse.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Mti ukiwa umetoka mita 4 mbele, nyuma zimebaki mita 3. Katikati ya mti ni mita 3.5 kutoka mwisho, kwa hivyo katikati imepita kigogo kwa mita 0.5. Nguvu ya kupindua mbele ni 80 × 0.5, sawa na 40. Mimi nina kilo 50. Nikikaa mwisho kabisa, mita 3 kutoka kwenye kigogo, nguvu yangu ya kushikilia ni 50 × 3, sawa na 150. Mti hauwezi kupinduka hata kidogo.

Sasa aibu yangu. Mti ulipokaribia mawe ya ng'ambo, wenzangu walianza kupiga kelele za furaha. Mimi nyuma sikuona kitu, nikataka kuona. Nikasogea mbele huku bado nimeushika mti, mpaka nikawa nusu mita tu kutoka kwenye kigogo. Nilidhani uzito wangu ni ule ule. Kumbe sasa ulikuwa 50 × 0.5, sawa na 25, na 25 haiwezi kushinda 40. Mti ukainuka nyuma na kuanguka mbele puu! Rafiki yangu aliyekuwa akielekeza pua aliruka, lakini ulimgonga kidole cha mguu, akachechemea wiki nzima.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Sote tulinyamaza tukiwaza ingekuwaje kama ni korongoni, na yeye yuko chini. Babu akaniita kando akasema, "Mjukuu wangu, mtu wa nyuma kazi yake si kuona. Kazi yake ni kukaa." Nilimwomba rafiki yangu msamaha. Nikaomba pia nibadilishwe nafasi, lakini babu akasema hapana, aliyekosea ndiye anayejua.

Tulirudia mara nne mpaka tukafanya bila mtu kupaza sauti ila mhesabu. Jumamosi iliyofuata tulikwenda korongoni. Hatukumweka mtu yeyote chini. Nililala juu ya mwisho wa mti, uso ukitazama udongo, nikasukumwa pamoja nao. Sikuona pua ilipogusa ng'ambo. Niliisikia tu kwa kifua. Mti wa pili ulifuata, kisha fundi mmoja wa kijiji akapigilia mbao na kamba ya kushikia. Mwisho mmoja wa miti tuliufunga kwa kamba nene kwenye mkuyu, ili maji yakiinua daraja yalilaze kando badala ya kulichukua kama walivyochukuliwa wenzake.

Hitimisho

Mvua za Aprili zilikuja na daraja likabaki. Yule msichana, ambaye sasa yuko kidato cha pili, hupita kila asubuhi na vitabu vyake vikavu. Lakini tumekubaliana sheria moja, nayo nawapa ninyi nyote: maji yakiwa yanakimbia, hakuna kuvuka, hata kama daraja lipo. Zunguka, chelewa, fika ukiwa hai. Na tuzibue mifereji ya chini ya barabara kabla ya mvua, kwa sababu yaliyotokea Kamuchiri tuliyaona kwa macho.

Somo ninalotaka ulichukue ni hili. Wahandisi wale wa Inveraray na wa Kalewa hawakushinda maji kwa sababu walikuwa na nguvu nyingi. Walikosea mahali pasipoua ili wasikosee mahali panapoua. Vivyo hivyo kwa mitihani, mashairi na hata hotuba za chama chetu. Na kama nafasi yako ni ya nyuma, ambako huonekani wala huoni, usiiache. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kidole kimoja kikiondoka, chawa hutoroka.



Maswali ya zoezi

1. Taja hatua tatu za kuvusha jeshi mtoni, na ueleze kwa nini haziwezi kubadilishwa zamu.
2. Mti wa mita 8 wenye uzito wa kilo 100 umesukumwa mita 5 nje ya ukingo. Mtu wa kilo 40 amekaa mwisho wa nyuma. Je, mti utapinduka? Onyesha hesabu.
3. Sahihisha sentensi hii ya Kikeya: "Beba mti hii kubwa."
4. Tunga sentensi ukitumia maneno haya: ng'ambo, ukingo, mhimili, pantoni.
5. Muulize mzee mmoja wa kwenu alivukaje mto au korongo alipokuwa kijana. Andika jibu lake kwa ukurasa mmoja.

Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.